Amina wa Bondeni: Asili ya Jina Si Maana Yake

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayemaliza mwaka wa kwanza chuoni bila kukariri nadharia za asili ya lugha hii. Hufundishwa kwamba wapo waliodai kuwa Kiswahili ni Kiarabu, wapo waliodai kuwa ni pijini au krioli iliyozaliwa na biashara ya pwani, na wapo waliothibitisha kwa hoja za kiisimu na za kihistoria kuwa ni lugha ya Kibantu. Mtihani ukifika, huandika bila kusita kwamba wingi wa maneno ya mkopo hauwezi kuibadilisha lugha nasaba yake. Humtaja Derek Nurse na Thomas Hinnebusch na kazi yao ya mwaka 1993 juu ya lugha za Kisabaki. Huwataja pia Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1994 walipinga tabia ya kumtafutia Mswahili baba Uarabuni. Hupewa alama zake, naye huenda zake akiwa ameridhika.

Kisha mwanafunzi huyo huyo huulizwa swali dogo: "Amina ni jina la wapi?" Naye hujibu papo hapo: "Ni jina la Kiarabu." Akiulizwa maana yake, hukimbilia kamusi ya Kiarabu. Hoja zote alizozitetea kuhusu *kitabu*, *elimu* na *hekima* huziacha mlangoni. Neno *amani* ni la Kiswahili, lakini Amina, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, ni mgeni!

Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo. Ninavyoona mimi, jina lililokaa katika vinywa vya Waswahili kwa vizazi, likafuata kanuni za matamshi yao na kubeba historia yao, ni neno la Kiswahili kama neno jingine lolote. Asili yake yaweza kuwa Kiarabu, na hilo hatulikani. Lakini asili ni habari ya mahali neno lilikotoka, nayo maana ni habari ya mahali linapoishi. Kuzichanganya habari hizi mbili kuna hasara, na hasara yenyewe haiishii katika vyumba vya mihadhara, kama nitakavyoonyesha.

Nimeuchagua mtaa wa Bondeni mjini Nakuru kuwa mfano wangu kwa kusudi. Tunapozungumzia majina ya Kiislamu tumezoea kuelekeza macho Lamu, Mvita na Unguja, kana kwamba bara hakuna Waswahili wala historia yao. Bondeni ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Waafrika katika mji wa Nakuru, mji uliokua kandokando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na ambao ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Jina la mtaa lenyewe lasema mengi. Ni nomino *bonde* na kiambishi cha mahali *-ni*, nalo lina ndugu yake Mombasa, kwani huko nako kuna Bondeni. Nakuru ina Pangani, ina Kaloleni, ina Ziwani. Majina ambayo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Ina hata Shabab, neno la Kiarabu lenye maana ya vijana, ingawa abiria anayeshuka hapo kutoka kwenye matatu hafikirii Uarabuni hata kidogo. Majina ya mitaa yalisafiri na watu, na majina ya watu vivyo hivyo.

Sasa tumtazame Amina. Katika Kiarabu kuna maneno matatu ambayo sikio la Mswahili haliyatenganishi. La kwanza ni *Āmina*, lenye irabu ndefu mwanzoni, jina la mamake Mtume Muhammad, na maana yake ni mwanamke aliye salama, asiye na hofu. La pili ni *Amīna*, lenye irabu ndefu katikati, yaani mwanamke mwaminifu, wa kuwekewa amana. La tatu ni *āmīn*, itikio la dua. Yote matatu yametoka katika mzizi mmoja wa konsonanti tatu: hamza, *m* na *n*. Kiarabu huyatenganisha kwa urefu wa irabu. Kiswahili hakina tofauti hiyo ya urefu, na shadda yake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, utake usitake. Hivyo basi, yote matatu yalipoingia katika kinu cha Kiswahili yalitoka kitu kimoja: *a-MI-na*.

Mwenye kutazama kwa jicho la kamusi ya Kiarabu atasema Waswahili wamechanganya mambo. Mimi nasema wameumba. Mtoto anayeitwa Amina katika Kiswahili ni salama, ni mwaminifu, na ni itikio la dua ya wazazi wake, yote kwa wakati mmoja. Kiarabu hakina neno moja lenye sifa zote hizo. Na jina hilo halikusimama pekee yake kama mkiwa. Limezungukwa na ukoo mzima ambao kila msemaji wa Kiswahili anao kinywani, awe Mwislamu au Mkristo: *amani, amini, imani, amana, mwaminifu, uaminifu*. (Wapo wanaoliingiza neno *dhamana* katika ukoo huu kwa kufanana kwa sauti. Lina mzizi wake mwingine kabisa, nasi tuliache.) Katika makanisa ya Nakuru, waumini wanapofunga sala husema "Amina", na msichana wa jirani mwenye jina hilo akipita nje hapati shida kuelewa kuwa hakuitwa.

Kwamba hili si jambo la Waswahili peke yao, tunaweza kulithibitisha kwa kuwatazama Waturuki. Ninawachagua wao kwa sababu mbili. Kwanza, walichukua majina chungu nzima kutoka Kiarabu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema Kituruki ni Kiarabu. Pili, tamthilia zao zimeingia katika nyumba zetu; baadhi zimetiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Azam TV ya Tanzania, na wengi wetu tumeyasikia majina ya wanawake wa Istanbul tukadhani ni mageni, kumbe ni ya shangazi zetu.

Emine wa Kituruki ni Amina wetu. Zeynep ni Zainabu. Hatice, ambaye hutamkwa *Hatije*, ni Hadija. Ayşe, atamkwaye *Aishe*, ni Aisha au Asha. Angalia jinsi kila lugha ilivyotumia sheria zake. Kituruki hakipendi sauti ghuna ya *b* mwishoni mwa neno, basi huigeuza *p*: Zeynep, kama *kitap*. Kiswahili hakipendi neno kuishia na konsonanti, basi huongeza irabu, na aghalabu baada ya sauti ya midomo huongeza *u*: Zainabu, kama *kitabu*, Rajabu, kama *sababu*. Baada ya *d* huongeza *i*: Rashidi, Saidi. Mwisho wa baadhi ya nomino za kike za Kiarabu Waturuki huhifadhi *t* ambayo sisi hatunayo. Wao wana *nimet, rahmet* na *hikmet*, sisi tuna *neema, rehema* na *hekima*. Na Nimet kwao ni jina la msichana, kama Neema lilivyo kwetu.

Ni hapa ninapotaka kuwajibu wanaosema kuwa Fatuma ni makosa na kwamba "sahihi" ni Fāṭima. Irabu *u* iliyo kati ya *t* na *m* haikuingia kwa ujinga wa bibi zetu. Kiswahili hakikuridhika na konsonanti hizo kukutana, kikaweka irabu, na irabu yenyewe ikavutwa na midomo inayojiandaa kutamka *m*. Ndivyo ilivyo pia katika Athumani, ambaye Waarabu humwita ʿUthmān na Waturuki Osman. Mbona hatumsikii mtu akimwambia Mturuki kwamba ufalme wa Osman ulikosea jina la mwanzilishi wake?

Lakini Waturuki wana jambo jingine la kutufundisha, tena la ajabu zaidi. Katika miongo ya karibuni wasichana wengi nchini mwao wamepewa majina mawili: Aleyna na Ecrin. Ukiyafuatilia, yote yanatoka katika Kiarabu. *ʿAlaynā* maana yake ni "juu yetu", yaani kihusishi na kiwakilishi, wala si nomino. *Ajrin* ni "malipo" au "thawabu" likiwa katika umbo linalotumika baada ya kihusishi, likiwa bado na kiishio chake cha kisarufi. Wazazi waliyasikia maneno hayo katika visomo na nyimbo za dini, yakawapendeza, wakawapa binti zao. Mwarabu akiambiwa kuna msichana aitwaye "Juu-yetu" atashangaa. Ecrin, kwa upande wake, ana jamaa zake Uswahilini: *ujira, ajira, mwajiri*. Je, majina haya ni ya Kiarabu? Asili yake haina shaka. Lakini hayajatumika kama majina miongoni mwa Waarabu. Ni majina ya Kituruki, yaliyotengenezwa Uturuki, kwa vifaa vilivyotoka Kiarabu.

Sisi pia tunayo ya namna hiyo, ila hatujapata kuyajadili kwa uzito. Zawadi ni jina la kike kutoka Lamu hadi Bukavu. Neno lenyewe linahusishwa na neno la Kiarabu la masurufu ya safari, chakula anachofungiwa msafiri. Mswahili alilichukua, akaligeuza kuwa kitu anachopewa mtu kwa mapenzi, kisha akampa mtoto wake. Subira vivyo hivyo. Mwanaisha, Mwanahamisi na Mwanaidi ni mfano bora zaidi, kwani hapo neno la Kibantu *mwana*, ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa pia cheo cha heshima cha mwanamke, limeunganishwa na jina au siku yenye asili ya Kiarabu. Katika kazi yake ya mwaka 1993 iitwayo *Unaitwaje?*, Sharifa Zawawi aliyakusanya majina ya Waswahili, ya Kibantu na yenye asili ya Kiarabu, katika orodha moja. Huo ndio msimamo ninaouunga mkono, ingawa natamani tuende mbali zaidi ya orodha.

Kwa nini tuende mbali zaidi? Kwa sababu maana ya kikamusi yaweza kumdanganya hata mhakiki makini. Chukua Hadija. Mzizi wake katika Kiarabu ni wa kuzaa kabla ya wakati, hasa kwa ngamia. Nani Bondeni, au Kairo, au Istanbul, amemwita binti yake hivyo kwa sababu alizaliwa kabla ya kutimiza miezi? Wanamkumbuka mke wa kwanza wa Mtume. Fatuma hutokana na kitendo cha kuachisha ziwa. Hakuna anayelifikiria hilo anapomwita Fatuma aje kula. Aisha nalo ni jina la uhai, "aishiye", na hapa Kiswahili kimebahatika, maana vitoto vya mzizi huo tunavyo: *ishi* na *maisha*. Lakini sikio la Mswahili husikia pia *-isha*, kitenzi cha Kibantu cha kumalizika, na *Isha*, sala ya usiku, ambayo ina mzizi tofauti. Wanafunzi wenzangu hupenda kufanya mzaha kwamba Aisha anaishi mpaka aishe. Mzaha huo hauwezekani katika Kiarabu. Umo katika Kiswahili pekee, na mtunzi wa mashairi anayejua kazi yake hatauacha upotee.

Wahakiki wa riwaya nao wana la kujifunza. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na iliyowahi kuwa kitabu teule katika shule zetu za sekondari, ina mhusika mkuu aitwaye Maimuna. Tahakiki nyingi za wanafunzi hupenda kusema: Maimuna kwa Kiarabu ni mwenye heri, lakini maisha yake yalijaa madhila, kwa hiyo mwandishi ametumia kejeli. Basi! Hoja hufungwa hapo kama jalada. Kejeli huenda ipo. Lakini msomaji wa Kiswahili hapati neno *maimuna* katika mazungumzo yake ya kila siku. Kwake ni jina la msichana aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu yenye kuta ndefu, na jina hilo humwambia tabaka, malezi na matarajio ya Bwana Maksuudi kabla ya kumwambia heri yoyote. Hiyo ndiyo maana inayofanya kazi katika riwaya. Na anayeshikilia kuwa maana ya neno hutoka nalo Uarabuni bila kubadilika, na awaulize Waturuki: neno hilo hilo katika umbo la kiume, *maymun*, kwao ni nyani. Waarabu walianza kumwita mnyama yule "mwenye heri" kwa kupamba maneno, Waturuki wakabaki na mnyama, nayo heri ikasahaulika.

Turejee Bonde la Ufa, kwani kuna njia nyingine ambayo majina haya yalipitia, nayo haikuanzia pwani. Mwaka 1840 alizaliwa Oppeln, katika Silesia, Eduard Schnitzer. Mjerumani huyu alikuwa daktari, akatumikia dola ya Waturuki, akajiita Mehmed Emin, na mwaka 1878 akawekwa kuwa gavana wa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan, kwa niaba ya Misri. Ndiye Emin Pasha wa vitabu vya historia. Emin ni umbo la kiume la Emine, yaani Amini wetu katika lafudhi ya Kituruki. Baada ya yeye kuondoka na Stanley mwaka 1889, askari wake waliosalia karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 na kuingizwa Uganda. Kutokana na askari hao na wengine wa asili yao, pamoja na wake na watoto wao, ilitokea jamii ya Wanubi wa Uganda na Kenya. Wapo Kibera, wapo Kibos, na katika eneo letu hili wapo Eldama Ravine. Lugha yao, Kinubi, ni krioli yenye msamiati wa Kiarabu. Jeshi hilo lilituachia hata neno *afande*, kutoka *efendi* ya Kituruki, ambayo nayo Waturuki waliichukua kwa Wagiriki. (Afisa wa polisi anayeitwa afande leo hajui kuwa amevaa neno lililovuka bahari mbili.)

Kwa hiyo, katika Bonde la Ufa ya kati mikondo zaidi ya mmoja ya majina haya ilikutana. Mmoja ulipanda na misafara na reli kutoka Mombasa. Mwingine ulishuka kutoka Sudan kupitia Uganda. Na kulikuwa na wa tatu, ambao ndio mrefu zaidi kwa athari: wanawake wa jamii za hapa hapa, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na wengineo, walioingia Uislamu kwa ndoa au kwa hiari yao, wakapewa jina jipya. Ndiyo sababu majina ya aina ya Amina Wanjiru na Halima Chebet hayamshangazi mkazi yeyote wa Bondeni. Ukiuliza maana ya Amina kwa mwanamke wa namna hiyo, "mwaminifu" ni jibu la nusu. Kwake Amina ni siku aliyosilimu, ni mama wa Kiswahili aliyemshika mkono akamfundisha kutawadha, ni mtaa uliompokea. Hakuna kamusi ya Kiarabu yenye kidahizo hicho.

Majina hubeba pia sura za waliotangulia kuyabeba. Amini ni jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mwanzilishi wa gazeti la *Al-Islah* mwaka 1932 na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Ni jina pia la Idi Amin, aliyetwaa mamlaka Uganda mwaka 1971. Mzizi ni mmoja. Msikilizaji wa Nakuru aliyeishi miaka ile hasikii uaminifu pekee jina hilo linapotajwa. Na Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, alipewa jina Mtumwa kabla sauti yake haijampandisha akaitwa Siti, kutoka neno la Kiarabu la "bibi yangu". Shaaban Robert alipomwandikia wasifu aliandika habari za Siti. Katika Kiarabu cha Misri *sitti* ni neno la kila siku. Unguja, juu ya mwanamke aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, neno hilo lilikuwa ukombozi.

Nimesema hasara ya kuchanganya asili na maana haiishii chuoni. Nchini Kenya, kwa miaka mingi vijana wa baadhi ya jamii za Kiislamu, Wanubi wakiwemo, walitakiwa kupita mbele ya kamati za ukaguzi kabla ya kupewa kitambulisho, kuthibitisha kuwa wao ni Wakenya, huku wenzao wakipewa bila maswali hayo. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa ukaguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mipakani. Sisemi kuwa jina pekee ndilo lililowaponza watu hao. Nasema kwamba jina lilikuwa kitu cha kwanza kusomwa katika fomu, na karani aliyefundishwa shuleni kuwa Amina ni Mwarabu hakuhitaji kuambiwa zaidi ili aanze kuuliza babu alitoka wapi. Sisi wana-Kiswahili, kwa kuendelea kuandika "jina la Kiarabu" bila kufafanua, tumekuwa tukimpa karani huyo wino.

Upo usumbufu mwingine, mdogo lakini wa kila siku. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, mwalimu wa darasa la kwanza ameandika Fatma, na mtu fulani mwenye nia njema "amesahihisha" kuwa Fatima katika cheti cha mtihani. Sasa binti ni watu watatu, naye hutakiwa kulipia hati ya kiapo kuthibitisha kuwa ni mmoja. Kama Fatuma lingeheshimiwa kuwa umbo kamili la Kiswahili, wala si kosa linalongoja kusahihishwa, mwalimu yule asingeligusa, kama asivyoligusa Wambui.

Nafahamu pingamizi litakalotolewa, tena na watu ninaowaheshimu. Walimu wa dini watasema kwamba Uislamu unasisitiza jina lenye maana njema, na kwamba Mtume aliwahi kuyabadilisha majina yenye maana mbaya; sasa mzazi ataijuaje maana asiporudi katika Kiarabu? Hoja hii ina uzito. Mzazi anayetaka kumwita mtoto neno ambalo hajui limetoka wapi ana haki ya kuonywa, na kisa cha Aleyna chaonyesha sababu. Hata hivyo, ubaya au wema wa jina lililokwisha kukaa hupimwa kwa masikio ya wanaoliita. Mzazi anayeandika Aaminah au Faatwimah, kwa herufi za kuazima ili lifanane na Kiarabu, hana dhambi. Jina ni lake. Asiloruhusiwa kusema ni kwamba nyanyake, aliyeitwa Fatuma na kuzikwa kwa jina la Fatuma, aliishi miaka sabini akiwa na kosa la tahajia.

Lipo pia pingamizi la wasomi wenzangu: majina ya pekee hayana maana, huelekeza tu, kwa hivyo si kazi ya kamusi. Ni msimamo wa kifalsafa wenye historia ndefu, na katika mantiki huenda ukasimama. Katika Bondeni hausimami hata dakika moja. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka alama ya Kiarabu kando ya mamia ya maneno, na tukajifunza kutoitishika na alama hiyo. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* zimetupa fahiwa za *amani* na *amana*. Amina hana mlezi.

Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, si mbali na Bondeni. Badala ya tasnifu nyingine juu ya dhamira katika riwaya ambazo zimekwisha kuchambuliwa mara kumi, mmoja wetu angeweza kuteremka mtaani na daftari. Asiulize kwanza "Jina lako lina maana gani?", kwa sababu ataletewa jibu la madrasa, nalo tunalo tayari vitabuni. Aulize: Nani alikupa? Alikuwa akimkumbuka nani? Wazazi wako walikuwa na jina gani jingine kwako, la Kikuyu au la Kinandi, na nani bado analitumia? Mamako alikuitaje alipokuwa amekasirika, na alikuitaje ulipokuwa mgonjwa? Karani aliliandikaje? Wako akina mama wenye umri mkubwa katika mitaa hii wanaokumbuka bibi zao waliopewa majina hayo kwa mara ya kwanza, na hawatakuwepo siku zote kuyajibu maswali haya.